Vigingi vya Namba Kumi na Nne

Kalamba, 27 Februari 2023

Kisilu,

Nimekupigia simu mara nne na mara nne ulikuwa mkutanoni. Basi nakuandikia. Barua haina kitufe cha kukatia, na Mulinge, fundi wako wa vipimo, ameahidi kuniwekea hii mezani pako akirudi kwenye kituo chenu cha utafiti wa mbegu.

Tulivuna Alhamisi, na wewe hukuonekana. Mtu anapanda jaribio kwenye shamba la baba yake, halafu siku ya mizani anamtuma mfanyakazi. Mulinge amevuna vitalu vyote arobaini na nane peke yake na vibarua wawili. Alihesabu mashina, akahesabu mahindi, akaning'iniza mizani kwenye tawi na kuandika kila kitu daftarini. Aina kumi na sita, kila moja imepandwa mara tatu, na jua la mwaka huu halikuhurumia hata moja. Kuna vitalu vilivyotoa kofia moja ya punje.

Isipokuwa Namba Kumi na Nne. Kule pembeni, karibu na mti wa mkau, ilikaa kijani mpaka Januari wakati wenzake wamejikunja kama sigara. Mashina mengi yamebeba mahindi mawili. Wanawake wa kikundi walikuja kutazama, wakashika majani kama wanapima kitambaa.

Najua Namba Kumi na Nne ni nani. Ni mahindi ya Mwaitu, mama yetu mzazi, yale aliyoyaning'iniza juu ya moshi wa jikoni mpaka anakufa, na ambayo wewe umeyatafutia wachumba kwa miaka kumi na moja ili upate chotara. Nakumbuka muuza mbegu aliyesimama mlangoni petu akamwambia mama yetu kwamba mahindi yake ni ya kulisha kuku. Nimeshaanza makala ya gazeti. Nitawauliza mabwana wa paketi za rangi: sasa kuku walishwe mahindi ya nani?

Nataka mbegu. Sitaki kusikia habari za kamati.

Dada yako,
Kavindu


Kituoni, 14 Machi 2023

Dada Kavindu,

Samahani kwa kutofika. Kazi zilinizidi.

Nimeyapitia matokeo. Namba Kumi na Nne imezidi wastani wa jaribio kwa asilimia arobaini na moja. Ni nyingi kuliko nilivyotarajia. Unajua kazi yangu yote ni kutenganisha mambo mawili: kile ambacho mmea umerithi kwa wazazi wake, na kile ulichopewa na udongo wa pale uliposimama. Cha kwanza kitamfuata mkulima popote atakapopanda. Cha pili kinabaki shambani. Ndiyo maana tunagawa shamba mafungu matatu, na katika kila fungu tunapiga kura nani akae wapi, ili pasiwe na upendeleo.

Jaribio letu la pili, lile la karibu na Mwingi, lilikauka lote. Kwa hiyo ni Kalamba peke yake iliyozungumza. Ningependa kurudia msimu mmoja, lakini jina linatakiwa kabla ya Mei ili liingie kwenye majaribio ya kitaifa, na nimeliwasilisha la Namba Kumi na Nne.

Mbegu siruhusiwi kutoa kabla ya kupitishwa. Unajua hivyo.

Jambo moja dogo, ni la ripoti tu. Ulikuwepo Mulinge alipopiga kura ya vitalu?

Wako,
Kisilu


Kalamba, 22 Machi 2023

Kisilu,

Nilikuwepo. Kura ilipigwa mbele yangu, kwa vizibo vya soda ndani ya kofia ya Mulinge. Andika ripoti yako.

Na mbegu nitaipata. Mwezi wa nane mtakuwa mmeshazalisha za kutosha kule mnakomwagilia maji. Nitakuja mwenyewe na gunia, nikae mlangoni mpaka wakubwa wako waulize yule mama ni nani.

Kavindu


Kalamba, 25 Septemba 2023

Ebla, Mama Najma, salamu nyingi,

Hujambo wewe na duka lako? Mimi hapa mzima, mwenye kelele kama ulivyonizoea nilipofundisha hapo Mwingi na kukaa miaka tisa katika chumba cha nyuma ya duka lako.

Ulinieleza kuhusu zile familia kumi na moja zilizopoteza mifugo kwenye ukame, ambazo marehemu mzee Sahal aliziachia kipande cha ardhi ng'ambo ya barabara ya Garissa. Ukaniambia watu wanawacheka, kwamba mfugaji akishika jembe ni mchezo wa kuigiza. Hasira iliyonishika siku ile haijaisha. Nimeandika gazetini na nitaandika tena: hakuna damu ya kulima na damu ya kuchunga, kuna mwenye mbegu nzuri na asiye nayo.

Sasa nakuletea mbegu nzuri. Kilo arobaini na nne, zinakuja na basi la mizigo kesho. Nilimkalia kaka yangu kooni mpaka akatoa. Ni mahindi ya mama yangu, yaliyosomeshwa. Nimeyaona kwa macho yangu mwaka ambao hakuna kilichoota.

Waambie wapande hii shamba zima. Mtama na ndengu waviache mwaka huu. Wakianza kugawagawa ardhi vipande vipande, wanaowacheka watasema hawakuamini wenyewe.

Rafiki yako,
Kavindu


Mwingi, 19 Februari 2024

Mwalimu Kavindu,

Assalamu alaikum. Najma anakusalimu, na watu wa sokoni bado wanauliza habari zako.

Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa natafuta namna ya kusema. Mvua ilinyesha sana, uliona mwenyewe, mpaka barabara ya Garissa ikakatika na malori yakalala hapa wiki nzima. Kwa hiyo hatuwezi kulaumu mvua. Majirani waliopanda mtama na mahindi yao ya zamani wana chakula. Sisi tumepata mahindi ya urefu wa kidole, moja kwa shina, na mashina mengine hayakubeba kitu. Majani yalianza kuwa ya njano kabla ya mbelewele kutoka.

Watu wanatafuta kosa, na wanalitafuta kwao wenyewe. Dirie, ambaye ndiye mkubwa wao, anasema jembe si letu. Anataka warudi Garissa wakachunge mifugo ya watu wengine. Yurub, yule msichana aliyeolewa na mwanawe, alijifungua wiki ya palizi ya pili akachelewa siku tatu. Sasa mama mkwe wake anasema ni yeye aliyeharibu. Nimemkuta analia nyuma ya duka na mtoto mgongoni.

Hatukulaumu, Mwalimu. Mbegu tunajua ni nzuri, wewe umeiona. Tunaomba tu utuandikie ulichofanya huko Kalamba ambacho sisi hatukufanya. Andika kila hatua, nitawasomea. Nimewaomba wasiondoke mpaka jibu lako lifike.

Wako,
Ebla


Kalamba, 2 Machi 2024

Kisilu,

Soma barua ya Mama Najma niliyoambatanisha. Isome mara mbili, halafu unieleze ulinipa nini kwenye lile gunia.

Mlichanganya mbegu? Kuna mtu kituoni aliyesahau kuvisha mfuko wa karatasi kwenye hindi, upepo ukaleta unga wa mbelewele wa aina nyingine? Mnakaa kwenye viti vinavyozunguka, mnakula semina, na mbegu inatoka mlangoni bila mtu kuitazama. Nimetetea watu hawa gazetini kwa jina langu. Nimewaambia waache mtama. Leo kuna binti mwenye mtoto mchanga anayeambiwa amewalaza watu njaa kwa sababu alizaa siku isiyofaa.

Mama Najma ananiuliza nilifanya nini hapa ambacho wao hawakufanya. Kalamu nimeishika siku tatu. Nataka jibu kutoka kwako, lenye maneno ya kitaalamu, nimpelekee.

Kavindu


Kituoni, 11 Machi 2024

Dada,

Mbegu haikuchanganyika. Ulichopata ndiyo Namba Kumi na Nne yenyewe. Tatizo ni langu na lina umri wa zaidi ya mwaka.

Unakumbuka nilikuja mara moja wakati wa jaribio, Desemba 2022, kuhesabu siku kati ya mbelewele kutoa unga na ndevu kutokeza. Ulikuwa umeenda mazishini Mukuyuni. Nilizunguka vitalu vyote na daftari. Nilipofika kwenye mkau nilisimama. Ni mti ule ule Baba aliofungia fahali. Nilitazama chini, udongo ulikuwa mweusi. Pale ndipo lilipokuwa boma la ng'ombe, Dada. Miaka ishirini na kitu ya samadi. Boma lilikaa mpakani mwa fungu la kwanza na la pili, na Namba Kumi na Nne ilikuwa imesimama juu yake kwenye mafungu yote mawili. Kwenye fungu la tatu, mbali na pale, ilikuwa ya kawaida kabisa. Nikaiona na kuandika.

Nilielewa palepale. Ile rangi ya kijani haikutoka kwa Mwaitu. Ilitoka kwa ng'ombe wa Baba, na kipande kile cha Mwingi hakina samadi hiyo, ndiyo maana majani yaligeuka njano. Mtu mwingine yeyote angepanga vitalu pale bila kujua. Mimi nimezaliwa hatua hamsini kutoka pale, na nilichunga ng'ombe hao hao.

Nilipaswa kuvifuta vitalu vile siku hiyo. Nilijiambia kura ni kura. Nilijiambia bahati imetuangukia, na labda Mwaitu ndiye aliyeiomba. Miaka kumi na moja, Dada. Wenzangu wametoa aina tatu, nne, na mimi naitwa daktari wa mahindi ya kuku. Ndiyo sababu sikuja siku ya mavuno. Nilijua mizani itasema nini na sikutaka kuonekana nikifurahi.

Jambo linaloninyima amani ni hili. Kama ingekuwa aina nyingine pale, ya mtu mwingine, ningeuliza maswali siku hiyo hiyo.

Ulikuja mlangoni na gunia nikalijaza. Ningeweza kukuambia hata siku ile.

Jana nimeandika barua ya kuondoa jina la Namba Kumi na Nne na kueleza sababu. Watafanya watakalofanya. Wewe huna hatia. Mwambie Ebla ni mimi.

Kisilu


Kalamba, 20 Machi 2024

Kisilu, mwana wa mama yangu,

Nilisoma barua yako nimesimama. Nilipofika pale unaposema sina hatia, nikakaa chini.

Haikuwa bahati.

Siku ya kupanda Mulinge alipiga kura vizuri, kwa haki. Alikuwa anachomoa kizibo, anasoma, anachomeka kigingi chenye namba, na kuweka pakiti ya mbegu chini yake. Kura ikaweka Namba Tatu kwenye boma fungu la kwanza. Nikaiacha. Fungu la pili, Namba Tatu tena, boma lile lile. Na ile ya Mwaitu ikatupwa mara zote mbili kwenye changarawe kando ya njia, pale ambapo hata magugu yanasita. Nikajisemea, hivi mgeni asiyejulikana ale mbolea ya ng'ombe wa Baba, na mahindi ya Mwaitu yafe njaa nyumbani kwake?

Mulinge akaja jikoni kunywa chai. Nikamwekea na viazi vitamu ili akae. Mimi nikarudi shambani nikang'oa vigingi vinne na kuvibadilishia nafasi, Tatu kwa Kumi na Nne, pamoja na pakiti zake. Ilichukua muda mfupi kuliko kuosha vikombe. Aliporudi alipanda akifuata vigingi, halafu akaandika daftari akifuata vigingi. Hakukosea chochote yule mwanamume.

Sikudhani nadanganya mtu. Nilidhani nampa mtoto wetu chakula. Nimesoma vitabu vingi kuliko mwalimu yeyote wa tarafa hii, nimewaandikia wabunge barua za kuwanyima usingizi kwa kupendelea watu wao, na sikuona kwamba nimefanya jambo lile lile kwa vijiti vinne.

Uliponiuliza kama nilikuwepo kwenye kura nilikujibu ukweli, na ulikuwa uongo kamili. Na mwezi huu nilipokutukana kuhusu mifuko ya karatasi, nilikuwa naomba Mungu iwe kweli.

Wewe uliona ukanyamaza. Mimi ndiye niliyeweka cha kuonwa. Usinichukulie mzigo wangu, Kisilu, nitaubeba mwenyewe mpaka Mwingi. Barua haitoshi kwa hili. Kesho naenda.

Kavindu


Mwingi, 8 Aprili 2024

Ndugu Kisilu,

Assalamu alaikum. Hatujawahi kuonana, lakini nadhani dada yako hatakueleza alivyokuja hapa, kwa hiyo nakueleza mimi.

Alikataa kula kwanza. Akaniomba niite familia zote kumi na moja uani kwangu, wakaja. Nilikuwa nimemzoea akisimama mbele ya watu huku amenyoosha kidole. Safari hii mikono ilikuwa imeshika mkoba. Akawaeleza habari ya boma, na vigingi, na chai ya yule fundi. Alieleza polepole, nami nikitafsiri Kisomali kwa wazee.

Kisha Dirie akauliza, "Kwa hiyo sisi tulishindana na ng'ombe waliokufa zamani?" Akacheka, na wengine wakacheka, ila si kicheko kizuri. Akamuuliza kwa nini basi aliwaambia waache mtama. Dada yako akasema hilo halikuwa na boma wala kigingi, lilikuwa kiburi chake tu. Dirie akamwambia angekuwa mwanamume wangezungumza vingine. Akajibu kwamba anastahili.

Yurub alikuwa amekaa nyuma kabisa. Akauliza kwa sauti ndogo, "Na palizi yangu?"

Mwalimu akasema, "Palizi yako ilikuwa sawa. Siku tatu hazikubadilisha chochote."

Yurub akasema, "Sema tena, kwa nguvu. Mama mkwe wangu hasikii vizuri."

Akasema tena. Akaombwa mara ya tatu, na akasema.

Hawajamsamehe, nisikudanganye. Lakini Dirie hajaondoka. Anasema kama kosa halikuwa la mikono yao, hana sababu ya kuikimbia ardhi ya Sahal. Oktoba watapanda mtama, kunde na mahindi ya jirani. Na wana sharti moja. Wewe ulete zile aina zote kumi na sita, mbegu zilizobaki, zipandwe hapa mara tatu kwenye kipande ambacho hakijawahi kulaza mnyama. Kura atapiga Yurub.

Ebla


Mwingi, 24 Februari 2025

Kisilu,

Nakuandikia kutoka chumba changu cha zamani nyuma ya duka. Nasikia wamekuondoa kwenye uongozi wa mradi na kukurudisha chini ya mtu uliyemfundisha kazi. Sitasema pole. Ungekuwa mtu mwingine ningeandika makala kudai ufukuzwe. Nimefurahi hawakukufukuza, nami naona haya kufurahi.

Mulinge ataleta daftari, lakini nataka ulisikie kwangu. Mvua ilikuwa ya kubahatisha, ndiyo mvua yetu hasa. Mama Najma alinipa kiti siku ya kupanda na akaniambia nisikiache. Siku ya mavuno vilevile. Yurub alisoma mizani, mume wake akaandika, Dirie akasimama nyuma yao kama askari wa mtihani. Mimi sikugusa hata gunzi.

Namba Kumi na Nne ni ya saba kati ya kumi na sita. Si mahindi ya kuku, wala si muujiza. Ni mahindi ya mama mmoja wa Kalamba, yanayojitahidi. Ningeridhika na hilo tangu mwanzo kama ningeyaachia nafasi yaliyopewa na kura.

Ya kwanza ni Namba Tatu. Imeongoza kwenye mafungu yote matatu, mahindi mawili kwa shina, na majani yake hayakujikunja mpaka mwisho. Yurub alidhani mizani imeharibika, akapima upya.

Ni ile niliyoitoa kwenye boma na kuitupa kwenye changarawe. Kwenye jaribio letu ilikuwa ya mwisho. Mulinge ameniambia kwamba mliifuta kwenye orodha, na zile mbegu za hapa zilikuwa za mwisho za chotara huyo. Kimebaki kibahasha kimoja cha punje za wazazi wake, ambacho mtu alisahau kukitupa.

Miaka yote hii nilijua Namba Kumi na Nne ilitoka jikoni kwa nani. Sikuwahi kuuliza kuhusu zile nyingine. Niambie. Namba Tatu ilikuwa mahindi ya mama wa nani?

Kavindu


Kituoni, 3 Machi 2025

Dada,

Anaitwa Nduku, mama yake Mbaluka wa Mukuyuni, nyumba ya tatu nyuma ya soko. Mwaka 2013 alinipa mahindi mawili yenye moshi, akaniambia ni ya mama yake, akanipa na chai.

Machi 2023, wiki ile ile niliyokuandikia kuhusu asilimia arobaini na moja, nilipita kwake. Nikamwambia mahindi yake tumeyapima kisayansi na hayafai. Alinishukuru kwa kuja kumwambia mwenyewe. Tangu hapo ananunua paketi dukani. Yale ya jikoni aliyapukuchua akalisha kuku.

Zimebaki punje tisini na mbili kwenye bahasha. Nimezihesabu.

Yuko hai. Jumamosi nitakuwa sokoni Mukuyuni saa tatu asubuhi. Tafadhali uje. Sitaweza kugonga mlango ule peke yangu, na nadhani wewe pia hutaweza.

Kisilu